Filta ya Mafuta Gani

Athanasi: Haloo? Nani mwenzangu?

Cikuru: Shemeji! Jambo, shemeji. Ni miye, Cikuru.

Athanasi: Cikuru? Mbona namba ngeni?

Cikuru: Niko nayo tangu... (mtandao unakwaruza) ...ile ingine balikata. Bon, habari ya Buffalo? Batoto?

Athanasi: Wazima, wako shule. Wewe umefika wapi? Mama yako anauliza. Yaani anauliza ukuta, mimi haniulizi, si unajua mama na mkwe wake. Amevaa koti na viatu tangu asubuhi, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na begi lake miguuni.

Cikuru: Niko Columbus.

Athanasi: Bado Columbus? Hata nusu ya njia ya kuja Buffalo hujafika.

Cikuru: Gari imekufa, shemeji.

Athanasi: Imekufa au imezima?

Cikuru: Sijue kama kuko tofauti. Ilianza kukosa nguvu kule nyuma, kwenye kilima. Unakanyaga, haiendi. Unakanyaga, inakohoa. Batu banapita na kunipigia honi. Nikatoka barabara kubwa, nikaingia hapa Hilliard kwenye parking ya duka, njo ikasimama. Nikipiga stata inazunguka tu, haishiki.

Athanasi: Huna mtu hapo Columbus?

Cikuru: Kuko Bagula, ule wa Clintonville. Yuko kazini, simu hajibu. Shemeji, mi nimetoka kazi asubuhi, kule Jeffersontown, pembeni ya Louisville, sikulala ata kidogo. Nilitoka na uniform ya kampuni, nikaingia mu gari. Niko na baridi, niko na njaa, niko na—

Athanasi: Pole. Na mimi ndiyo kwanza nimetoka shifti. Pole, bwana. Lakini si nilikwambia? Wiki jana nilikwambia, hiyo pikapu ikianza kukosa nguvu, badilisha filta ya mafuta kabla hujasafiri.

Cikuru: Nilibadilisha!

Athanasi: Ulibadilisha?

Cikuru: Mi mwenyewe, mbele ya nyumba. Nililala chini, nikachafua ata suruali ya kanisa. Nilimwaga mafuta yote, nikafungua filtre ya zamani, nikafunga mupya, nikatia mafuta mupya. Haikusaidia kitu!

Athanasi: Subiri. Ulimwaga mafuta yote kutoka wapi?

Cikuru: Chini ya motere. Ile boulon ya chini. Yalitoka meusi kama—

Athanasi: Mungu wangu. Cikuru, bolti hiyo ni ya injini, hiyo ni oili.

Cikuru: Ndiyo, njo mafuta yenyewe.

Athanasi: Oili ni oili! Mafuta ni mafuta. Mafuta ni yale unayoweka kituoni gari ikiwa tupu.

Cikuru: Ile ni mazout.

Athanasi: Dizeli.

Cikuru: Mazout! Mafuta ni ile ya motere, yenye kuteleza, yenye kulainisha. Kama ya kupikia. Sasa mazout unaweza kukaangia samaki?

Athanasi: Na oili ya gari unaweza?

Cikuru: Hapana.

Athanasi: Basi.

Cikuru: Donc, nimebadilisha filtre ingine.

Athanasi: Umebadilisha nyingine kabisa. Injini inakushukuru, ina oili safi. Lakini mafuta hayafiki. Ile filta yenyewe imeziba.

Cikuru: (kwa sauti ya chini) Shemeji, nikuulize kitu. Hapana kasirika.

Athanasi: Uliza.

Cikuru: Ulisema ile neno makusudi?

Athanasi: Makusudi ya nini?

Cikuru: Sijue. Mutu anajua nakuya kuchukua mama. Anajua hii gari kuliko miye, ilikuwa yake. Ananiambia neno moja, mi nafanya kitu ingine, gari inakufia mu njia. Ni rahisi.

Athanasi: Unafikiri hivyo.

Cikuru: Sisemi nafikiri. Nauliza.

Athanasi: Cikuru, tangu dada yako Patricia azikwe ninaamka gizani, nakwenda kazini, narudi nakuta watoto wamekula, wamevaa, nywele za Spés zimesukwa. Nalala, naamka, nakwenda tena. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kupanga makusudi. Nilisema mafuta kwa sababu kwetu Kigoma ni mafuta.

Cikuru: Bon.

Athanasi: Bon nini?

Cikuru: Bon, nimesikia. Hapana kasirika. Mi pia nimechoka. Bazee ya kanisa kule Louisville hawaniachi. Kila siku ya ibada, "Cikuru, mama yako bado iko kwa mkwe? Binti amekufa, yeye anakaa na mkwe nyumba moja, anamupikia? Weye uko mwanaume gani?" Niko nazunguka kanisa kama mwizi.

Athanasi: Najua. Hata huku wanasema.

Cikuru: Njo nakuya. Si mi nataka kukukatia mikono. Lakini mama ni mama yangu, na desturi ni desturi.

Athanasi: Sijakataa. Nimekwambia nimekataa?

Cikuru: Hapana.

Athanasi: Begi lake nilishusha mimi kutoka juu ya kabati. (anapumua) Haya. Simu yako ina chaji?

Cikuru: Kidogo. Baridi inaikula.

Athanasi: Basi tusipoteze muda. Fungua mlango wa nyuma. Nyuma ya kiti kuna sanduku la spana zangu, umelitoa?

Cikuru: Iko.

Athanasi: Kando yake kuna boksi. La karatasi, dogo, jeupe.

Cikuru: Subiri... (mlango unafunguka) ...kuko viatu... kuko kitu ya mutoto... naona. Boksi. Nifungue?

Athanasi: Fungua.

Cikuru: (karatasi inachanika) Ni filtre. Mupya! Shemeji, filtre iko mu gari? Ilikuwa humu wakati yote?

Athanasi: Ilikuwa humo.

Cikuru: Na juu ya nini hukuniambia?

Athanasi: Nilisahau.

Cikuru: Ulisahau?

Athanasi: Hapana. Sikusahau. Alinunua Patricia. Nilimtuma dukani akiwa anatoka kazini, nikamwambia aniletee filta ya mafuta. Akanipigia simu akiwa palepale mbele ya muuzaji. "Baba Spés, filta ya mafuta gani? Ya kwenu ao ya kwetu?" Akacheka mpaka muuzaji naye akacheka, hajui anachochekea.

Cikuru: Aliuliza.

Athanasi: Aliuliza. Ndiyo maana hiyo ni filta sahihi. Wiki ileile akaingia hospitali. Sikuifunga. Na sikutaka kuizungumza, ndiyo hivyo. Nilidhani ukienda dukani utanunua nyingine na hii itakaa.

Cikuru: Yaya yangu. Miye nilikuwa na mukubwa moja tu.

Athanasi: Ndiyo.

Cikuru: Yaya Patricia. Yeye alikuwa anauliza kila kitu. Ata tukiwa batoto, unamutuma chumvi, anarudi mulangoni, "Chumvi ya unga ao ya mabonge?" Mama anamufukuza na mwiko.

Athanasi: Haya, tufanye kazi, simu yako itazima. Umefungua boneti?

Cikuru: Kapo? Nafungua. (chuma kinalia) Imefunguka. Naweka simu hapa juu ya betri. Unasikia?

Athanasi: Nasikia kama uko ndani ya pipa. Simama upande wa abiria. Angalia nyuma kabisa, karibu na kioo. Utaona kitu cha duara kama kopo kubwa la maziwa ya unga, kimechafuka.

Cikuru: Ile yenye kuwa na kitu kama kifungo juu?

Athanasi: Hiyohiyo. Kifungo hicho ni pampu ya mkono, usiiguse bado. Pitisha mkono chini ya kopo. Kuna waya umechomekwa.

Cikuru: Naugusa.

Athanasi: Uchomoe taratibu. Usivute waya, vuta plagi.

Cikuru: Umetoka. Aii, vidole. Chuma iko baridi vibaya.

Athanasi: Palepale kuna kifungulio kidogo cha plastiki. Weka chombo chini, kizungushe, maji yatoke.

Cikuru: Maji? Ndani ya mazout kuko maji?

Athanasi: Maji huwa yanaingia. Ndiyo kazi ya filta, kuyazuia. Una chombo gani?

Cikuru: Kuko tu kikombe ya kahawa. Ile kubwa.

Athanasi: Itatosha. Na kitambaa cha kufutia. Nyuma ya kiti kulikuwa na kitambaa.

Cikuru: Naangalia... Kuko moja. Ya kijani na maua ya njano, imekunjwa. Shemeji, hii ni kitenge ya yaya. Nipanguze mazout na kitenge ya yaya?

Athanasi: Hapana. Hapana, kiache. Kirudishe palepale. Una soksi?

Cikuru: Nimevaa.

Athanasi: Vua moja.

Cikuru: Na hii baridi?

Athanasi: Vua moja, Cikuru.

Cikuru: (anaguna) Unanitesa kama afisa wa kambi. Navua. Nafungua maji... Iyo! Inatoka chafu, kama maji ya kuosha mchele. Sasa inaanza kuwa mazout.

Athanasi: Funga. Sasa kopo lenyewe lifungue. Shika kwa mikono miwili, zungusha upande wa kushoto.

Cikuru: (anajikaza) Haiendi. Haitikisike ata. Kwenye sanduku hakuna kitu ya kushika?

Athanasi: Mkanda wa filta nilimwazima mtu, hakurudisha. Umevaa mkanda wa suruali?

Cikuru: Shemeji.

Athanasi: Umevaa?

Cikuru: Nimevaa. Lakini soksi umechukua, sasa unataka mukanda. Batu ya hapa banaingia dukani, banapita karibu. Kuko mama moja amesimama na kigari yake, ananiangalia.

Athanasi: Akuangalie. Zungushia mkanda kwenye kopo, upitishe kwenye chuma chake cha kufungia, halafu vuta. Ukikaza mkanda, unabana kopo, linazunguka lenyewe. Ndivyo tulivyofanya Kasulu wakati malori ya kambini yalikuwa yetu kutengeneza na vifaa hamna.

Cikuru: Navuta... navuta... (kelele ya chuma) Imeachia! Shemeji, imeachia! (kicheko) Na suruali imeachia!

Athanasi: (anacheka kidogo) Ishike.

Cikuru: Na mukono gani? Mkono moja mazout, mkono moja filtre! Ngoja... bon. Bon. Nimeibana na magoti. Yule mama amekimbia.

Athanasi: Sijacheka siku nyingi.

Cikuru: Cheka. Mi niko nalia.

Athanasi: Toa kopo la zamani. Likoje?

Cikuru: Zito. Jeusi. Linanuka.

Athanasi: Chini kuna kile kitu kilichokuwa na waya. Kifungue, ukihamishie kwenye filta mpya. Usikikaze kama unaua nyoka, ni plastiki.

Cikuru: (spana inalia) Nimehamisha.

Athanasi: Ile raba ya duara juu ya filta mpya, ipake dizeli kwa kidole.

Cikuru: Mazout.

Athanasi: Mazout. Ipake mazout. Halafu funga kwa mkono tu, mpaka ikatae, kisha robo tena. Rudisha waya wa chini.

Cikuru: Nafunga. Mama anafanya nini?

Athanasi: Amekaa.

Cikuru: Na koti?

Athanasi: Na koti. Humu ndani kuna joto, lakini hajavua. Mimi niko jikoni, yeye yuko sebuleni, lakini nyumba hizi kuta zake ni karatasi, anasikia yote. Hata wewe anakusikia, nimekuweka kwenye spika, mikono ilikuwa na sabuni.

Cikuru: Anasikia? Kwa nini hukusema! Nimesema suruali—

Athanasi: Alitabasamu. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha. Simwangalii moja kwa moja.

Cikuru: (kwa sauti kubwa) Mama! Uko unasikia? Nakuya, mama!

Athanasi: Hajajibu. Umefunga?

Cikuru: Nimefunga.

Athanasi: Sasa kazi ya mwisho. Toa upepo.

Cikuru: Ya pneu gani? Zote nne?

Athanasi: Usiguse magurudumu! Upepo ulioingia kwenye mafuta. Yaani kwenye mazout! Juu, karibu na kile kifungo, kuna skrubu ya plastiki. Ilegeze kwa bisibisi. Halafu bonyeza kifungo, bonyeza, bonyeza, mpaka mapovu yaishe yatoke mafuta matupu. Kisha funga skrubu, uendelee kubonyeza. Kifungo kitakuwa kigumu. Kikiwa kigumu kama jiwe, mafuta yamejaa.

Cikuru: Mazout.

Athanasi: Bonyeza wewe.

Cikuru: Nabonyeza. (pumzi) Nabonyeza... mapovu inatoka. Shemeji, mama akifika Louisville, nitamulaza mu chumba yangu. Mi nitalala mu salon, sebule. Nimenunua blanketi.

Athanasi: Vizuri.

Cikuru: Najua unafikiri nakuya juu ya bazee ya kanisa. Si bazee tu. Mi nikitoka kazi, nyumba iko kimya mpaka nasikia frigo inanguruma. Nakula nimesimama. Yaya alienda Buffalo, mama akamufuata kule, mi nilibaki na televizyo.

Athanasi: Hukuwahi kusema.

Cikuru: Ningesema nini? Nyinyi mulikuwa na kilio yenu.

Athanasi: (mtandao unakwaruza) ...Ilikuwa yako pia.

Cikuru: Unasema?

Athanasi: Nasema ilikuwa yako pia. Kilio.

Cikuru: Mapovu imeisha. Nafunga skrubu. Nabonyeza... nabonyeza... Haikuwe ngumu.

Athanasi: Endelea.

Cikuru: Naendelea. Iko laini tu. Kama kubonyeza mkate.

Athanasi: Bonyeza tena.

Cikuru: Nimebonyeza mpaka kidole inauma! Haitaki. Na... shemeji, kuko kitu inatiririka. Inatoka hapa kwenye filtre, juu, inashuka mpaka chini. Mazout inamwagika yote.

Athanasi: (kimya)

Cikuru: Shemeji?

Athanasi: (kimya)

Cikuru: Uko?

Athanasi: Niko.

Cikuru: Ni nini?

Athanasi: Sijui. Labda... labda uiache tu. Ita brekidauni ikuvute, ulale kwa Bagula akitoka kazini. Kesho urudi Louisville. Utakuja siku nyingine.

Cikuru: Siku gani? Niliomba siku hii kwa bosi kwa kupiga magoti. Nikirudi, narudi mikono mitupu, batanicheka. Na nitapata ruhusa lini tena? Mwaka ujao?

Athanasi: Hata mwaka ujao si mbali.

Cikuru: Unasema nini?

Athanasi: Nimesema... Aa. Hapana. Cikuru, subiri. Subiri usiondoke. Ifungue tena.

Cikuru: Nifungue tena?

Athanasi: Ile filta mpya, ifungue. Uangalie juu, pale ilipofungwa. Filta ya zamani ilipotoka, raba yake ilitoka nayo?

Cikuru: Raba?

Athanasi: Ile ya duara. Angalia kopo la zamani, lina raba?

Cikuru: Haiko.

Athanasi: Basi imegandia juu. Umefunga raba mpya juu ya raba ya zamani, ndiyo maana inavuja na upepo unaingia. Mtu yeyote hukosea hapo.

Cikuru: Nafungua... (pumzi) Naiona! Imebamba pale kama kovu. Naitoa na ukucha... njo hii. Imetoka.

Athanasi: Pangusa na soksi. Funga tena. Bonyeza.

Cikuru: Nafunga. Ulijua.

Athanasi: Bonyeza.

Cikuru: Wakati ulinyamaza, ulikuwa umejua.

Athanasi: Nilijua uliposema inatiririka. Bonyeza, Cikuru.

Cikuru: Nabonyeza... nabonyeza... inaanza kukaza. Shemeji, inakaza. Iko ngumu! Iko ngumu kama jiwe!

Athanasi: Piga stata. Isipowaka mara ya kwanza, ngoja kidogo, piga tena.

Cikuru: Naingia. (mlango, injini inazunguka, inakohoa, inazima) Haa!

Athanasi: Ngoja. Ni upepo wa mwisho. Piga tena.

Cikuru: (injini inazunguka, inakohoa, inanguruma) Shemeji! Unasikia?

Athanasi: Naisikia.

Cikuru: Imewaka! Inalia vizuri!

Athanasi: Naisikia. Ndiyo sauti yake. Nilikuwa sijaisikia tangu nikupe.

Cikuru: (anapiga kelele juu ya injini) Nitafunga kapo! Nachukua simu! (kishindo) Bon. Niko ndani. Simu imekuwa nyekundu, inakufa sasa hivi. Shemeji, ungeniacha hapa.

Athanasi: Ningekuacha.

Cikuru: Juu ya nini hukuniacha?

Athanasi: Kwa sababu mama amevaa viatu tangu asubuhi. Nitamwambiaje avue? Sitaki aondoke, Cikuru. Basi, nimesema, na anasikia. Si kwa sababu ya chakula wala nywele za mtoto. Nikirudi nikaona taa ya chumba chake inawaka, najua kuna mtu mwingine ndani ya nyumba hii anayemlilia Patricia. Lakini si mama yangu. Ni mkwe wangu. Hata jina langu hajawahi kulitaja, desturi haimruhusu, ananiita Baba Spés. Siwezi kumwambia kaa. Njoo umchukue, barabara usikimbize.

Cikuru: Mi sijue tena, shemeji. Sijue kama nakuya ao narudi. Umuulize.

Athanasi: Siwezi kumuuliza.

Cikuru: Umuulize! Ni miye nakutuma. Mama anasikia? Mama! Unataka nini weye mwenyewe? Hatukukuuliza, mi na hawa bazee yote, hakuna mutu alikuuliza. Yaya njo angeuliza...

(kwa mbali kitu kinaanguka sakafuni, kisha kingine)

Cikuru: Ni nini ile?

Athanasi: Viatu.

Cikuru: Viatu gani?

Athanasi: Amevua viatu. Anakuja huku. Cikuru, anakuja jikoni, mimi niko jikoni, niende wapi?

Cikuru: Simama. Usiende fasi yoyote.

Athanasi: Amefungua kabati. Anachukua sufuria.

Cikuru: Sufuria gani?

Athanasi: Ile kubwa. (maji yanamiminika) Cikuru.

Cikuru: Sema haraka, simu inakufa!

Athanasi: Ameniita.

Cikuru: Amekuita Baba Spés?

Athanasi: Hapana. Amesema, "Athanasi, mwambie mdogo wako aje ale."

Cikuru: Mama? Na kinywa yake? Amesema Athanasi?

Athanasi: Amenitazama usoni.

Cikuru: Na amesema... mudogo yako?

Athanasi: Mdogo wako. Hivyo hivyo. Uje ule, halafu utalala, halafu tutaona. Njoo polepole. Ukiona inakosa nguvu tena—

Cikuru: Haitakosa. Batu ya kanisa baseme mpaka bachoke. Mwambie mama aweke pilipili. Nakuya. Sawa, sheme— sawa, yaya, naku—